Aliyejiita Kifungo cha Akiba

Shangazi hakuja na salamu siku ile, alikuja na simu. Aliiweka juu ya meza ya kukatia, katikati ya chaki na mkasi, akavuta kigoda, akakaa.

"Someni wenyewe," alisema. "Mimi nimesoma mpaka kichwa kinaniuma."

Alikuwa ameisoma njia nzima, tena kwa sauti, kwa kila aliyemwamkia. Yule mama ukimpa siri asubuhi, mchana utaisikia sokoni imeshatiwa chumvi.

Mzee, kaka yake, akavaa miwani. Duka ni lake, nyumba iliyo nyuma ya duka ni yake, na sifa ya makoti mtaani kwetu ni yake. Watu husema kola za Mzee hazilali hata koti likizeeka. Kando yake alisimama mwanawe, Mkataji, anayekata vitambaa vyote vya duka, na ambaye Jumamosi ile wazee wake walikuwa waje kwa mjomba wangu kuniposa. Kule nyuma, kwenye mlango wa kuingilia nyumbani, Mama, mke wa Mzee, alikuwa anapiga pasi suruali bila kuinua uso. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu cha dirishani, koti la mteja mapajani na subana kidoleni, kile kikofia cha chuma kinachozuia sindano isikuchome. Sikivui hata nikinywa chai, ndiyo maana duka zima na mtaa mzima huniita Subana.

Mzee alisoma kimya kwanza. Midomo ikamcheza. Kisha akamwambia mwanawe afunge mlango na ageuze kibao, ingawa ilikuwa mchana na wateja wanapita.

"Soma wewe," akamsukumia simu. "Soma kwa sauti, nihakikishe kama sijaota."

Lilikuwa Baraza la Mtaa, lile jukwaa la kwenye simu ambako watu wetu hujadili kila kitu, kuanzia taka zisizozolewa hadi ndoa za wenzao. Mada ya wiki ile ilikuwa kama watu walazimishwe kuandika kwa majina yao halisi. Mkataji mwenyewe alikuwa amechangia juzi yake, kwa jina lake kamili na picha yake ya kucheka: *Asiye na jina hana neno. Mwenye ukweli haogopi kujitaja.* Watu wengi walimpigia makofi. Chini yake alikuwa amejibu mtu anayejiita Kifungo cha Akiba.

Mkataji akasoma, na sauti yake ikawa inapungua kila mstari.

"*Mwanangu, jina ni la anayeitwa. Mimi nipo katika duka la fundi anayesifiwa kwa kola zisizolala. Je, kola hizo ameshona yeye? Miaka yote hii hajawahi kumwambia mteja, hii ni kazi ya fulani. Hajawahi hata kuniita kwa jina langu. Kila koti linalotoka nalishonea kifungo cha akiba kwa ndani, kwa uzi wa bluu, pasipoonekana. Hiyo ndiyo sahihi yangu. Mnataka jina lipi tena?*"

"Na huko chini," Shangazi alidakia, "mtaa mzima umefungua makoti. Wanapiga picha nyuzi. Kuna bwana harusi anasema hataki kushonewa na Mzee, anataka kushonewa na Kifungo."

Mzee alikwenda kwenye makoti yaliyotundikwa, akageuza bitana ya la kwanza, kile kitambaa laini cha ndani. Uzi wa bluu. Akageuza la pili. Bluu. Duka letu linatumia uzi mweusi na wa kijivu, na kila mtu aliyekuwa mle ndani alilijua hilo.

"Vifungo vya akiba hapa dukani anashona nani?" aliuliza, mgongo umetugeukia.

"Kazi zote za kumalizia ni za huyu binti," alisema Shangazi. "Hilo nalo la kuuliza?"

Kule nyuma pasi ilisimama. Ilisimama muda mrefu kuliko kitambaa kinavyoweza kuvumilia, na harufu ikatufikia.

"Huko ndani!" Mzee aliita. "Unaunguza nguo za watu."

Hivyo ndivyo anavyomwita mkewe. Akitaka chai, huko ndani. Akitaka pasi, huko ndani. Mama akainua pasi, na suruali ilikuwa na alama ya kahawia kwenye paja. Tangu nimfahamu sikuwahi kumwona akiunguza hata leso, nami nikainamisha macho kwenye koti langu, maana nilihisi yakibaki juu yatasema.

Nilijua, na sikuwa nimeambiwa na mtu. Makoti ya zamani yakiletwa kurekebishwa, ni mimi ninayeyafumua, na ukifumua kola ya mtu unamjua kama ulivyokaa naye. Ule mkono uliotia mishono midogo midogo na kumalizia kwa fundo lililolowanishwa mara mbili haukuwa wa Mzee. Mzee anashona kwa haraka na kwa hasira. Miaka miwili iliyopita, aliponiajiri, alimwambia mkewe aache kushona apumzike, akalisema mbele ya watu kama anayetoa zawadi. Kisha asubuhi moja niliwahi kazini nikamkuta Mama kwenye kiti changu, koti mapajani, sindano ina uzi wa bluu.

"Umeona nini?" aliniuliza.

"Sijaona kitu, Mama."

"Vizuri."

Ndiyo maelewano pekee tuliyowahi kuwa nayo. Kwa mengine hakunitaka. Mkataji alipomwambia kwamba ananipenda, nilimsikia kwa masikio yangu akijibu, "Msichana wa dukani ni wa dukani. Hujaona wengine?" Usiniulize kama iliniuma. Iliniuma, na nikaendelea kumwachia makoti bila vifungo kila jioni.

"Subana," Mzee aliniita sasa. "Ni wewe uliyeandika uchafu huu?"

"Hapana, Mzee. Siyo mimi."

"Na vifungo?"

Nikavuta uzi wa koti la mteja mpaka mwisho.

"Anasema miaka yote," alisema Mkataji. "Subana ana miaka miwili hapa, baba."

"Mtu asiye na shukrani, miaka miwili kwake ni mingi." Mzee akaisogeza simu mbele yangu. "Mimi si mtu wa kelele. Utaandika hapo hapo, kwa jina lako, kwamba ni wewe na kwamba umekosea. Ukiandika, nitafikiria kama unaweza kubaki. Usipoandika, chukua mkoba wako. Na Jumamosi hakuna mtu wa ukoo wangu atakayepiga hodi kwa mjomba wako."

Nilimpenda yule kijana kwa namna inayoaibisha. Nilikuwa najua hatua zake akishuka ngazi, na nilikuwa nimeshajishonea gauni la Jumamosi, limetundikwa nyumbani nyuma ya mlango.

"Baba, nipe nafasi nizungumze naye," alisema Mkataji.

Tuliingia kwenye kichumba cha kujaribia nguo, akavuta pazia. Mle ndani hamuenei watu wawili wasiopendana. Kuna kioo kirefu, kijirafu, na msumari uliotundikwa koti lake la kumalizia shule, la kwanza kabisa alilowahi kuvaa, ambalo Mzee huwaonyesha wateja wavivu wa kuamini. Tukatazamana kupitia kioo, kwani ana kwa ana sikuweza.

"Niambie mimi," alinong'ona. "Hapa hakuna Mzee."

"Kuna kandambili za shangazi yako."

Akatazama chini ya pazia. "Shangazi," alisema kwa upole, na kandambili zikarudi nyuma, ingawa hazikwenda mbali.

"Vifungo unashona wewe?"

"Sishoni mimi."

"Basi anashona nani?"

Alinisogelea mpaka pumzi yake ikanigusa shingoni.

"Unamjua."

"Namjua."

"Nitajie, yaishe. Natoka sasa hivi namwambia baba, na Jumamosi inabaki palepale."

"Siwezi. Jina si langu. Si la kwangu kuligawa."

"Hata kwangu? Mimi ninayekuja kukuoa?"

"Wewe hasa. Kama nitakugawia la mwenzangu leo kwa sababu nakupenda, kesho utaniamini na lako?"

Akajipiga paji la uso kwa ngumi yake ya kushikia mkasi, taratibu. "Unajua kwa nini naandika kwa jina langu? Umesahau walivyoandika juu yako? Kwamba unanitega upate duka? Ulilia siku nzima, ukashona matundu ya vifungo yote kombo. Nikamtafuta aliyeandika ili nimkabili, nikakuta jina la mdudu. Mdudu, Subana. Mtu anatupa jiwe kisha anaingia gizani, na wewe unabaki na jeraha huna wa kumuuliza."

Hapo alinishika pabaya, maana ni kweli nililia.

"Yule alijificha ili aumize," nilisema. "Huyu amejificha kwa sababu anaumia."

"Na mimi nitajuaje tofauti, wote wakiwa wamefunika nyuso?"

"Kwa kusoma. Wewe umesoma alichoandika, au umetafuta jina tu?"

Macho yake kwenye kioo yalikuwa mekundu, na nilitamani kugeuka nimshike uso kwa mikono miwili. Lakini kutamani na kuweza ni vitu viwili.

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho..."

"Usiniulize," nilimkatiza. "Nimekwambia siyo mimi, na nimekwambia sitamtaja. Ukiniuliza tena, utakuwa umeniambia kwamba neno langu halikutoshi. Basi Jumamosi msije, hata Mzee akiwaruhusu."

Nikavua subana. Kidole kilikuwa cheupe pale ilipokaa miaka, kama si changu. Nikaiweka kwenye kijirafu chini ya lile koti la shule, nikafungua pazia, nikampita shangazi yake aliyekuwa ghafla anavutiwa sana na foronya ya mteja.

Mzee alikuwa amekaa na simu mkononi. "Umeamua?"

Nikaipokea. Mama alikuwa ameacha kupiga pasi; alisimama tu, mikono imeshika ubao. Aliniangalia kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona kwake, ya mtu anayengoja kusukumwa. Ningetamka neno moja tu, nyumba yake ingepasuka na mimi ningebaki na Jumamosi yangu. Au ningeandika jina langu, yeye apone, na mchumba wangu aishi akiamini nilimdanganya mbele ya kioo. Kidole changu kitupu kilielea juu ya herufi. Hakikujua pa kwenda.

"Acha kuandika."

Mkataji alikuwa ametoka kwenye kichumba. Alikuwa ameshika lile koti lake la shule, amelipindua nje ndani. Akalitandaza juu ya meza mbele ya baba yake, akaweka kidole chini ya mfuko wa ndani. Kilikuwepo kifungo kimoja cha akiba, kimezungukwa na uzi wa bluu uliofifia kwa umri.

"Koti hili nilivaa nikimaliza shule," alisema. "Subana wakati huo na yeye alikuwa shule, upande mwingine wa mji. Hatukujuana. Siyo yeye, baba."

Mzee akavua miwani, akaivaa tena, akaligusa lile fundo. "Kama siyo yeye, nani?"

Nikamwona Mkataji akigeuza uso kuelekea kwenye pasi, na nikaona jibu likimwingia. Naye Mama alikuwa anamtazama, bila kumwomba chochote. Ndipo nikakumbuka maneno aliyoyaandika Mkataji juzi, yaliyopigiwa makofi, na nikajua na yeye ameyakumbuka.

"Nani?" Mzee alirudia. "Unamjua?"

"Namjua."

"Mtaje basi. Si wewe unayesema mwenye ukweli hujitaja?"

Mkataji alilikunja koti lake la shule. "Jina si langu, baba," alisema. "Si la kwangu kuligawa."

Kama kuna siku nilimpenda mtu, ni siku ile.

Tulisikia waya wa pasi ukichomolewa ukutani. Mama akaja mbele ya duka, akapita katikati yetu, akakaa kwenye kiti changu cha dirishani.

"Nipe hilo koti la mteja," aliniambia.

Nikampa. Akatoa kwenye mfuko wa gauni lake kibunda kidogo cha uzi wa bluu, akatunga sindano mara moja bila kukodoa macho, akakishona kifungo mbele yetu sote, bila haraka. Alipofika mwisho akalowanisha uzi kwa ulimi, akafunga, akalowanisha tena, akafunga, akaukata kwa meno.

Shangazi akaziba mdomo kwa kiganja.

"Mama Mkataji," Mzee alisema, na sauti haikuwa ile ya dukani.

"Hilo ni jina la mwanangu," alijibu Mama. "Na hata hilo huwa unalitumia wakija wageni."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukaniuliza chai iko wapi."

"Ukaona bora unitangaze kwa watu ambao hata hawakujui?"

"Ndiyo maana niliweza. Wale wasionijua walinisoma mpaka mwisho, wakanijibu. Wewe umesoma maneno yangu hapa mezani, mkeo amesimama nyuma yako, ukamtafuta mwandishi kwenye watu wote wa duka hili isipokuwa mimi. Sikukupita akilini."

Mzee akachukua futi yake ya kupimia, akaivaa shingoni kana kwamba kuna mteja, akafungua mlango wa duka na kutoka nje. Tulimwona kupitia kioo amesimama ukingoni mwa barabara, hatazami popote.

Mkataji alipiga magoti mbele ya kiti. "Mama, niliandika vile bila kujua kwamba na wewe ni mmoja wao."

"Asiye na jina hana neno," Mama alisema polepole. "Nililala nalo hilo."

"Nitalifuta leo."

"Usilifute. Liache, ulitazame. Na jina langu usilipeleke kule. Kule mimi ni Kifungo, nina watu wangu wanaoniuliza nimeamkaje. Nataka kuitwa humu ndani." Akamgeukia Shangazi. "Wifi, hili likifika sokoni, nitajua limepitia mlango gani."

"Mimi nimesikia nini?" Shangazi alisema, akachukua simu yake, akaitia kwenye mkoba na kufunga zipu.

Kisha Mama akanitazama mimi. Nilikuwa bado nimesimama, nimekumbatia mkoba wangu, maana hakuna aliyenifukuza wala aliyenirudisha.

"Ungepoteza Jumamosi yako," alisema.

"Ilibaki kidogo, Mama."

"Na mimi sijawahi kukupa hata neno zuri."

Nikauweka mkoba wangu sakafuni.

Akaulaza mkono wake juu ya lile koti, akausugua mshono. "Miaka miwili nakuita msichana wa dukani. Nakaa naandikia watu wasionijua kwamba siitwi jina, na huku..." Akatikisa kichwa. "Jina lako la nyumbani ni nani, mwanangu?"

Nikamtajia. Akalirudia, mara moja kwa nguvu na mara moja kwa taratibu, ili alikariri.

"Jumamosi nitatangulia mimi kupiga hodi," alisema. "Mjomba wako nitamtajia hilo hilo."

Mkataji alikuwa ameinuka. Alinijia na mkono wazi, na katikati ya kiganja ilikuwa subana yangu.

"Nilikuuliza mara nyingi mno," alisema. "Sitarudia."

Nilimwangalia mpaka akaanza kuogopa. Alistahili. Kisha sikuipokea subana, nikampa kidole. Akanivisha mwenyewe, taratibu, mbele ya mama yake, na masikio yake yakawaka.

Hapo ndipo mlango ulifunguliwa kidogo. Mzee hakuingia. Alisimama kizingitini, ameshika futi yake kwa mikono miwili, akaita jina. Lilikuwa jina la mwanamke, fupi, zuri, ambalo sikuwahi kulisikia katika nyumba ile. Lilimtoka kwa kukwaruza, kama lango lililokaa bila kufunguliwa.

Mama alikuwa anatunga uzi. Mkono ukasimama, na hakuinua uso.

"Mama," nilimnong'oneza, "unaitwa."

"Nimesikia," alisema. "Mwache aite tena."